Hataza za kale za vitu vya nyumbani, shambani na kiwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza kuhusu hataza za zamani hapa Nairobi ni wa aina tatu: fundi wa Kamukunji au Kariobangi anayetafuta mchoro wa mashine, mwanafunzi aliyepewa mradi, na mtu aliyenunua chuma fulani Gikomba akakuta kimechongwa "Pat." pamoja na tarehe ya karne ya 19. Majibu mengine ni marefu kwa sababu kisa chenyewe ni kitamu. Mengine hayahitaji hata mistari mitatu.

Hataza ni nini, na ya nini kusoma iliyokwisha muda miaka mia iliyopita?

Ni mapatano kati ya mvumbuzi na serikali. Mvumbuzi anaeleza hadharani, kwa maneno na michoro, jinsi kitu chake kinavyofanya kazi. Serikali inampa haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze wala kukiuza kwa muda fulani. Kwa Kenya muda huo ni miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, mradi ada ya kila mwaka iwe inalipwa. Muda ukiisha, kitu kinakuwa cha kila mtu.

Watu wengi hushika ile sehemu ya kuzuia wakasahau ile ya kueleza. Kwangu mimi utamu uko kwenye maelezo: haki inakufa, lakini mchoro unabaki. Kuna mamilioni ya michoro ya namna hiyo, imechorwa na watu waliolipwa kuichora vizuri, na haidaiwi na mtu yeyote.

Usichanganye hataza na hakimiliki, ambayo ni ya nyimbo, vitabu na picha, wala na alama ya biashara, ambayo ni ya jina na nembo.

Zilianza lini?

Venisi ilikuwa na sheria ya hataza mwaka 1474. Uingereza ilipitisha yake mwaka 1624, ili kumzuia mfalme asiwagawie marafiki zake ukiritimba wa bidhaa za kawaida. Marekani ilitoa hataza ya kwanza tarehe 31 Julai 1790 kwa Samuel Hopkins, na haikuwa ya mashine ya ajabu: ilikuwa njia ya kutengeneza potashi kutoka kwenye majivu ya kuni. George Washington aliitia sahihi mwenyewe.

Moto wa Desemba 1836 uliteketeza ofisi yao ya hataza pamoja na kumbukumbu karibu zote za mwanzo. Ndiyo maana ukitafuta hataza za Marekani za kabla ya mwaka huo unakuta mapengo makubwa, na chache zilizookolewa zina herufi X kwenye nambari.

Na Kenya je?

Kabla ya 1990 hapakuwa na hataza ya Kenya yenyewe. Uliomba Uingereza kwanza, ukishapata ndipo unaisajili hapa. Hebu fikiria fundi wa Shauri Moyo mwaka 1965 akilipia wakili London. Sheria ya 1989 ndiyo iliyotuletea ofisi yetu mwaka 1990, na sheria ya 2001 ikaigeuza kuwa taasisi tunayoijua leo, KIPI, iliyoko South C. Hataza za Kenya kwa hiyo ni changa. Ukitaka za kale zinazohusu vitu ulivyo navyo nyumbani, utazikuta zaidi kwenye kumbukumbu za Marekani, Uingereza na Ujerumani.

Nani aliyevumbua cherehani?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na kila anayeuliza anatarajia jina Singer. Nenda kwa fundi yeyote anayeshona barazani, mwombe asimamishe kazi kidogo, halafu angalia sehemu tatu za mashine yake.

Kwanza sindano. Sindano ya mkono ina tundu nyuma, ya cherehani ina tundu karibu na ncha. Ikizama kwenye kitambaa inabeba uzi chini, uzi unafanya kitanzi, na uzi wa pili unaotoka kwenye bobini unapita ndani ya kitanzi hicho. Mshono huo wa nyuzi mbili ndio uliompa Elias Howe hataza ya Marekani nambari 4,750, tarehe 10 Septemba 1846. Ila mashine ya Howe usingeitambua. Sindano yake ilikuwa imepinda na ilikwenda kwa ulalo, kitambaa kilining'inizwa wima kwenye vijipini, na ukishona kipande kifupi unalazimika kukipachika upya.

Pili, angalia jinsi sindano inavyoshuka wima na kitambaa kinavyolala mezani kikishikiliwa na mguu wa chuma. Huyo ni Isaac Singer, hataza nambari 8,294 ya 12 Agosti 1851.

Tatu, inua mguu huo uone yale meno madogo yanayopanda, yanasogea, yanashuka na kurudi nyuma ili kusukuma kitambaa. Hayo ni ya Allen Wilson, Desemba 1854.

Kwa hiyo mashine moja ina wavumbuzi watatu, na kila mmoja angeweza kuwashtaki wenzake. Walishtakiana kweli. Howe alimshinda Singer mahakamani mwaka 1854. Mwaka 1856 wenye hataza hizo wakakubaliana kuziweka kwenye kapu moja: kila mtengenezaji alilipa ada, wao wakagawana. Kapu hilo lilidumu hadi 1877.

Kuna mtu wa nne, na huyu ndiye ninayemhurumia. Walter Hunt wa New York alikuwa ametengeneza mashine ya mshono huohuo mnamo 1834, akaiacha bila kuomba hataza. Singer alipobanwa na Howe alimtafuta Hunt ili kuthibitisha kwamba Howe hakuwa wa kwanza. Hunt akaomba hataza akiwa amechelewa mno, na haikumsaidia yeye wala Singer. Huyu Hunt ndiye aliyepata hataza ya ile pini ya kufungia nepi, 10 Aprili 1849, na akaiuza haki yake kwa dola 400.

Cherehani ya marehemu nyanya ina nambari. Ndiyo nambari ya hataza?

Karibu kila mara, hapana. Nambari iliyochongwa kwenye mwili wa mashine ni ya kiwandani, inayoonyesha ilitengenezwa wapi na lini. Cherehani ya Singer yenye nambari inayoanza na herufi F au Y ilitoka kiwanda cha Clydebank huko Uskoti. Hataza huandikwa kwa neno "Pat." au "Patent", ikifuatwa na tarehe au nambari.

Kuna tarehe tu bila nambari. Nafanyaje?

Tarehe inatosha. Tangu mwaka 1848 Marekani hutoa hataza siku ya Jumanne peke yake. Kwa hiyo angalia kalenda ya mwaka huo: ikiwa tarehe ya kwenye chuma haiangukii Jumanne, ama umeisoma vibaya kwa sababu ya kutu, ama si hataza ya Marekani. Ukishajua tarehe, tafuta hataza za siku hiyo na aina ya kitu.

Jihadhari na za Uingereza. Kuanzia 1852 hadi 1915 nambari zao zilianza upya kila Januari, hivyo nambari 500 ya 1895 na nambari 500 ya 1896 ni vitu viwili visivyohusiana kabisa. Bila mwaka, nambari hiyo haikusaidii chochote.

Seng'enge ilitoka wapi?

Ilitoka kwa mkulima aitwaye Joseph Glidden, wa DeKalb, jimbo la Illinois. Kwenye maonyesho ya kilimo ya mwaka 1873 aliona ubao uliopigiliwa miiba ya chuma, wa kuning'iniza kwenye ua ili ng'ombe wasiuegemee. Akajiuliza kwa nini miiba isikae kwenye waya wenyewe. Husimuliwa kwamba miiba yake ya kwanza aliikunjia kwenye kinu cha mkono cha kusagia kahawa. Hataza yake ni nambari 157,124, ya 24 Novemba 1874.

Si yeye wa kwanza kufikiria waya wenye miiba. Wengine walikuwa na hataza kabla yake, lakini miiba yao iliteleza: ng'ombe akiisukuma inakusanyika upande mmoja na waya unabaki mtupu. Chukua kipande cha seng'enge ukitazame. Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kwenye mchoro wa Glidden mwiba umezungushiwa waya mmoja, na waya wa pili unapopita unaubana usisogee. Jaribu kuusukuma kwa koleo, utaona. Waya huo wa pili ndio uvumbuzi wote.

Kesi zilidumu miaka. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali haki ya Glidden mwaka 1892, wakati hataza yenyewe, iliyokuwa ya miaka 17, ilikuwa imeshakwisha mwaka mmoja kabla. Mawakili nadhani walikula vizuri.

Waya huu haukuja hapa kwetu kwa ajili ya ng'ombe tu. Wazee wanaokumbuka vijiji na kambi za wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950 wanaujua kwa upande mwingine.

Ni kweli kifuniko cha soda na wembe vina uhusiano?

Kweli. William Painter wa Baltimore alipata hataza nambari 468,258 tarehe 2 Februari 1892 kwa kifuniko cha bati chenye meno, kinachobanwa kwenye mdomo wa chupa na kutupwa baada ya kufunguliwa. Okota kimoja nje ya kibanda chochote, kabla watoto hawajakichukua kuchezea drafti, uhesabu meno: 21. Vya mwanzo vilikuwa virefu zaidi na vilikuwa na meno 24.

Painter alikuwa na mchuuzi wa kampuni aliyeitwa King Camp Gillette, akamshauri naye atafute kitu ambacho mteja atakitumia, atakitupa, kisha arudi kununua kingine. Gillette akaja na wembe mwembamba wa kubadilisha, hataza nambari 775,134 ya 15 Novemba 1904. Biashara ya kuuza kishikio mara moja na wembe maisha yote imeanzia hapo, na wauzaji wa printa na wino wao wameisoma vizuri sana.

Chupa ya chai (themosi) ilivumbuliwa na nani?

James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti aliyefanya kazi London, mwaka 1892. Hakuwa na habari ya chai. Alihitaji chombo cha kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi kuwa kimiminika, zisipate joto la nje. Akatengeneza chupa ya kuta mbili za kioo, akanyonya hewa iliyo katikati, akapaka fedha ndani. Pasipo na hewa joto halina pa kupitia, na ule mng'aro wa fedha hurudisha joto linalojaribu kutoka kwa mnururisho. Ukitoa glasi ya ndani ya themosi utaona chini yake kinundu kidogo kilichochongoka: ndipo hewa iliponyonywa na kioo kikazibwa kwa moto. Kinundu hicho kikipata ufa, chai inapoa kabla wageni hawajafika, hata kama glasi yenyewe inaonekana nzima.

Dewar hakuomba hataza. Reinhold Burger, fundi wa vioo wa Berlin, aliiona faida ya jikoni, akaomba yeye, na mwaka 1904 kampuni ya Thermos ikaanza. Dewar alikwenda mahakamani akashindwa. Jina nalo lilipata mkasa wake: mwaka 1963 mahakama ya Marekani iliamua kwamba watu wote wanaliita kila chupa ya aina hiyo themosi, kwa hiyo ni neno la kawaida. Uamuzi huo ni wa Marekani, usije ukaubandika kwenye bidhaa yako ya Nairobi.

Hataza inaweza kufutwa baada ya kutolewa?

Ndiyo, na mfano mzuri unauvaa miguuni kama una akala za tairi kuukuu za Kariokor. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo, baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Miaka miwili baadaye akaarifiwa kwamba haina nguvu. Robert William Thomson alikuwa ameshapata hataza ya kitu kilekile mwaka 1845, akiwa kijana wa miaka 23, akakijaribu kwenye magari ya farasi. Baiskeli zilikuwa bado hazijaenea wala motokaa kuwapo, kwa hiyo wazo lake likasahaulika, lakini karatasi zilikuwapo.

Kampuni ya Dunlop iliokolewa na hataza nyingine ndogo ilizozinunua: valvu, na waya wa kushikilia ukingo wa tairi kwenye rimu. Ukifanya utafiti, usisimame kwenye hataza kubwa yenye jina. Pesa mara nyingi iko kwenye kijisehemu.

Kufuli la Yale ni la Yale kweli?

Linus Yale mdogo alipata hataza zake za kitasa cha silinda miaka ya 1861 na 1865. Wazo la vijiti vinavyoanguka na kufunga komeo mpaka ufunguo uviinue lilikuwa kwenye makufuli ya mbao ya Misri ya kale, maelfu ya miaka nyuma. Yale alilifanya dogo, la chuma, lenye ufunguo bapa unaoingia mfukoni. Hataza inakuonyesha nani alipeleka karatasi. Haikuambii nani alifikiria kwanza, na orodha za mitandaoni za "wavumbuzi wa dunia" husahau jambo hilo kila siku.

Kwa nini sioni wanawake na watu weusi kwenye hizo orodha?

Wapo, ila wengine walizuiwa mlangoni. Mwaka 1857 mwenye shamba mmoja wa Mississippi, Oscar Stuart, aliomba hataza ya kifaa cha shamba la pamba kilichobuniwa na mtumwa wake, Ned. Mwaka uliofuata mwanasheria mkuu wa Marekani akatoa maoni kwamba uvumbuzi wa mtumwa hauwezi kupewa hataza: mtumwa hakuhesabiwa raia wa kuapa kiapo cha mvumbuzi, na bwana hakuwa mvumbuzi. Ned hakupata kitu. Ni wangapi kama Ned, hakuna daftari litakalokueleza.

Waliokuwa huru waliomba. Thomas Jennings, fundi nguo wa New York, alipata hataza ya kusafisha nguo mwaka 1821, mtu mweusi wa kwanza Marekani anayejulikana kuipata. Karatasi zake ziliungua kwenye ule moto wa 1836. Sarah Boone, aliyezaliwa utumwani North Carolina, alipata nambari 473,653 mwaka 1892 kwa ubao wa kupigia pasi uliokuwa mwembamba na wenye mpindo, ili mkono wa gauni ukae sawasawa. Josephine Cochrane alipata ya mashine ya kuosha vyombo mwaka 1886, na wateja wake wakubwa wakawa mahoteli.

Garrett Morgan anatajwa sana kuwa aliyevumbua taa za barabarani. Si sahihi, taa zilikuwapo kabla yake. Hataza yake ya 1923 ni ya nguzo yenye mikono inayozungushwa kwa mkono, na ilichoongeza ni hali ya tatu, ya kusimamisha pande zote ili waendao kwa miguu wavuke. Yeyote aliyesubiri kwenye mzunguko wa barabara hapa mjini huku taa zikiwaka na askari akiongoza kwa mkono anaweza kumwelewa Morgan vizuri.

Choo cha kuvuta, kopo, biro, kiberiti?

Kwa haraka. Choo: Alexander Cumming, Uingereza, 1775, ambaye aliweka ule mpindo wa bomba unaobakiza maji na kuzuia harufu. Thomas Crapper alikuja miaka mia baadaye na hataza za marekebisho. Kopo la bati: Peter Durand, 1810. Hataza ya Marekani ya kifaa cha kulifungulia ilikuja 1858, na kwa miaka hiyo yote watu walitumia patasi na nyundo. Kalamu ya kijimpira: John Loud, 1888, ya kuandikia ngozi, ambayo haikufaa karatasi. Iliyofaa ni ya László Bíró, Mhungaria aliyehamia Argentina, hataza ya 1943, na Wakenya bado tunalitaja jina lake kila tukiomba biro. Kiberiti cha msuguano: John Walker, mwuza dawa wa Stockton-on-Tees, 1827. Hakuomba hataza na akaigwa mara moja.

Naweza kutengeneza na kuuza kitu ambacho hataza yake imekwisha?

Ndiyo, bila kumwomba mtu ruhusa. Na hataza isiyosajiliwa hapa, moja kwa moja au kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, haikuzuii ndani ya Kenya hata kama ingali hai kwingine. Ila ukiuza nje, sheria ya nchi unakopeleka ndiyo itakayokuhukumu.

Mambo matatu huwaponza watu. La kwanza ni jina. Hataza hufa, alama ya biashara huishi mradi isajiliwe upya, kwa hiyo tengeneza kufuli, usiliite Yale, maana hapo utakutana na sheria ya bidhaa ghushi ya 2008. La pili ni maboresho: mashine ya 1880 ni ya wote, lakini kitu kilichoongezwa juu yake miaka kumi iliyopita huenda kina mwenyewe. La tatu ni usalama. Michoro ya kale imejaa risasi, zebaki, asbesto na matangi ya mafuta yasiyo na valvu ya kupumulia. KEBS, shirika la viwango la Kenya, haitakuuliza hataza ilikuwa ya mwaka gani.

Natafuta vipi, na nina simu tu?

Simu inatosha. Google Patents ni bure. Andika US, nambari bila mkato, na A: kwa mfano US157124A ni seng'enge ya Glidden. Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya, nayo ya bure, ina hati zaidi ya milioni 150 na ni nzuri kwa za Uingereza na Ujerumani.

Kutafuta kwa maneno katika hataza za karne ya 19 kunakatisha tamaa, kwa sababu kompyuta imesoma herufi za kale vibaya na majina ya vitu yamebadilika. Tumia alama za uainishaji. D05B ni ushonaji, E05B makufuli, A47J vyombo vya jikoni, A01B kulima na kutifua udongo, A01J maziwa, F24B majiko ya kuni na makaa. Weka alama hiyo pamoja na miaka, kwa mfano 1870 hadi 1900, kisha pitia michoro tu. Dakika chache zitakuonyesha majiko ambayo hukuwahi kuyafikiria.

KIPI pia wanafanya upekuzi kwa ada. Kwa kitu unachotaka kuwekea pesa nyingi, ilipe.

Mchoro nimeupata. Mbona hauna vipimo?

Hautakuwa navyo. Mchoro wa hataza unaonyesha kanuni ya kazi, si saizi. Fuata herufi: kila sehemu ina herufi au nambari, na maelezo yanasema A inaishika B, B inaisukuma C. Chapisha mchoro kwenye karatasi kubwa, uandike jina la kila sehemu kwa mkono wako, kisha ruka mwisho kabisa usome madai. Hayo ni yale mafungu yenye nambari ambamo mvumbuzi anasema hasa kipi ni chake. Kilichobaki kilikuwa kikijulikana tayari.

Baada ya hapo ni kazi ya kijiti, katoni na bati la bei rahisi. Unene wa chuma, ukali wa springi na nafasi kati ya vipande utavipata mezani, na fundi aliyezoea kukunja masanduku ya shule kwa jicho hahitaji kufundishwa hilo.

Jiko la makaa lenye udongo ndani lina hataza?

Jiko hilo ni somo tosha. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati mbadala uliofanyika Nairobi Agosti 1981, wahandisi na mafundi wa hapa walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalibadilisha: gamba la bati lenye kiuno chembamba, na udongo uliochomwa juu ya kiuno hicho, unaoshika joto na kuhifadhi bati lisiungue. Lilienea kwa mafundi kuigana, kutoka Shauri Moyo na Kamukunji hadi nchi jirani, na hakuna aliyewazuia. Bei ilishuka kwa sababu ya ushindani huo. Ubora nao ulishuka kwa baadhi yao, udongo usiochomwa vizuri ukapasuka mwezi wa kwanza. Mimi naona faida ilikuwa kubwa kuliko hasara, ingawa nawajua wanaobisha.

Na kile kisa kwamba Wajapani walichukua hataza ya kiondo chetu?

Hataza hutolewa kwa kitu kipya duniani. Kiondo kinachosukwa tangu enzi za mababu si kipya, kwa hiyo hataza ya kiondo chenyewe haiwezi kusimama popote ikipingwa. Na hata ingetolewa Tokyo, haingemzuia mama wa Machakos kusuka wala kuuza hapa. Kisa cha kikoi ndicho chenye ushahidi, na hakikuwa cha hataza: mwaka 2006 kampuni ya Uingereza iliomba neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara nchini humo, Wakenya wakapinga, ombi halikufaulu.

Nina uvumbuzi wangu. Nianzie wapi?

Anza kwa kuthibitisha kwamba haumo kwenye michoro ya kale. Wengi huishia hapo, na ni afadhali kuishia hapo kuliko kwenye ada. Ukiwa mpya, usiuonyeshe kila mtu. Sheria yetu inakupa miezi 12 tangu ulipouonyesha mwenyewe hadi kuomba, lakini nchi nyingi hazina huruma hiyo, na video moja mtandaoni inaweza kukufungia soko la nje.

Ikiwa ni marekebisho madogo ya kitu kinachojulikana, kama mpini mpya wa karai au kisu bora cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, uliza kuhusu cheti cha mfano wa matumizi. Kinadumu miaka 10, hakidai hatua kubwa ya uvumbuzi kama hataza, na kwa mafundi wengi wa jua kali ndicho kinachowafaa. Peleka mchoro, maelezo na madai KIPI, na uombe orodha ya ada ya siku hiyo kabla hujamlipa mtu yeyote anayejiita wakala.